Shingo ya Ngamia wa Aabo

Garissa,
12 Januari 2025

Walaal Salah,

Assalamu aleikum. Kabla hujafungua boksi, kaa chini kwanza.

Nakuandikia kwa mkono, kama tulivyokuwa tukiandikiana mimi nikiwa chuoni na wewe bwenini, na kwa Kiswahili kilekile ulichokuwa ukichapwa kwa kukikosea, kwa sababu simu yako haipatikani na nimechoka kujibiwa na yule mwanamke wa mashine. Abdirahim, dereva wa lori la mchele, ameahidi kufikisha mzigo hadi mlangoni pa shule yako. Ukikuta kamba imefunguliwa, ujue aliifungua Habaswein alipopumzika, kwa umbea tu.

Kitabu kimetoka. Ndiyo, kilekile ulichosema kitatoka siku ngamia atakapoota pembe. Ni hadithi ya kisima chetu cha Harqan, na ya watu wa kale waliokitoboa kwenye mwamba kabla babu zetu hawajafika huko na mifugo yao. Unakumbuka Hooyo alivyokuwa akiianza akitulaza wanawe: "Aliyekichimba hakuacha jina, aliacha maji." Niliiandika hivyo. Mhariri akanirudishia. Akasema watoto hawawezi kumfuata mtu asiye na jina wala sura. Basi nimempa jina, Gedi, na nimempa ngamia wa kutembea naye.

Ngamia huyo nusura anitoe roho. Mchoraji wangu, Abdihafid, ni kijana wa mjini hapa hapa. Mara ya kwanza alinichorea kitu kama ng'ombe aliyemeza kilima. Nilicheka mpaka nikatoka machozi, halafu nikamwazima ile picha ya baba, marehemu Aabo, akiwa ameshika kamba ya ngamia wake kando ya kisima. Amechora kila kitu kama kilivyo. Fungua ukurasa wa tisa uone. Usilie mbele ya wanafunzi.

Msomee Hooyo. Mtafsirie polepole, usirukeruke. Nataka kujua amesema nini, neno kwa neno.

Dada yako,
Leyla


Harqan, Eldas,
20 Januari 2025

Abaayo Leyla,

Waaleikum salaam. Boksi limefika na kamba yake. Mnara wa simu bado umelala, kwa hiyo Abdirahim ndiye mtandao wetu kwa sasa.

Sikujua hadithi ya kale inaweza kupendwa hivi. Watoto wanakigombania kitabu kama maziwa ya asubuhi. Wavulana wanajipima urefu na Gedi ukutani kwa chaki. Kaaha wa darasa la tano, yule mwenye maswali, ameuliza mbona Gedi hana mama. Nikamwambia hao ni watu wa kale. Akasema hata watu wa kale. Nikawapa zoezi.

Lakini kubwa si watoto. Watu wazima wa upande wetu wanakuja shuleni. Mzee Dagane, ambaye hajawahi kukanyaga darasa maisha yake yote, aliingia katikati ya somo la hesabu, akaomba aonyeshwe ukurasa wa tisa. Hajui kusoma hata jina lake. Alipitisha kidole kwenye shingo ya ngamia, taratibu, akarudia, akanyanyuka na kutoka. Jioni wakaja wengine. Mustafe, mtoto wa baba mdogo, amechukua nakala moja na hairudishi. Anatembea nayo kwapani kama msahafu.

Umethubutu, abaayo. Sikujua una moyo huo. Wako wanaokuombea dua hapa, na wako wasiokuombea.

Hooyo nimemsomea. Amekitazama kitabu. Mengine nitakuandikia.

Nduguyo,
Salah


Garissa,
28 Januari 2025

Walaal Salah,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani, mpaka mwenye mkokoteni akanitukana. Sikusogea.

Mzee Dagane darasani. Nimemsimulia kila mtu ofisini. Mhariri wangu anasema hilo ndilo alilokuwa akilitafuta miaka yote, kitabu cha watoto kinachoingia nyumbani kwa mlango wa mbele. Sasa wanakipeleka shule nyingine za Wajir, na kuna mwalimu wa Sangailu, huko Ijara, ameomba nakala zake. Nikasema kumbe hata sisi tuna historia ya kale ya kuwapa watoto wetu, si wafalme wa mbali peke yao.

Ni kweli nimethubutu. Kumpa jina mtu ambaye Hooyo alisema hakuacha jina, hilo si jambo dogo, na nilikosa usingizi kwa ajili yake. Hao wasioniombea dua, waambie ni hadithi ya watoto. Wakinuna watanunua na cha pili.

Ila umenificha jambo. "Amekitazama kitabu" ndiyo nini? Nakujua wewe. Ulipovunja redio ya Aabo uliandika "redio iko". Hooyo amesema nini?

Wako,
Leyla


Harqan,
4 Februari 2025

Leyla,

Hooyo hajasema kitu. Ndiyo maana sikuandika. Alitazama ukurasa wa tisa, akakifunga kitabu, akakiweka chini ya mkeka, na tangu siku hiyo jina lako halijamtoka mdomoni.

Barua yako imenikasirisha. Unacheka. Sijui kama unajifanya au mjini pamekuosha akili.

Shingo ya ngamia wako ina mistari miwili na nukta. Ni alama yetu. Ndiyo alama inayochomwa kwenye kila ngamia wa upande wa juu, na mtoto wa miaka minne huku anaijua kabla hajaijua alif. Umemweka mtu aliyechimba kisima cha Harqan, mtu wa kwanza kabisa, mtu ambaye pande zote mbili zilikubaliana kwamba hana jina ili asiwe wa yeyote, na ngamia wake ukampiga alama yetu. Huku watu hawahitaji kujua kusoma. Shingo ile wameisoma wote.

Umesahau kisima kinavyokwenda? Siku moja tunaanza kunywesha sisi wa juu, siku ya pili wanaanza wa chini, kaka zake Hooyo. Imekuwa hivyo kabla ya serikali. Sasa Mustafe na vijana wenzake wamesimama kwenye hori na kitabu. Wanasema serikali imeandika, shule inafundisha, kisima ni cha upande wa juu na wa chini ni wageni. Wa chini watakunywesha tukimaliza sisi. Na kiangazi hiki, tukimaliza sisi, yaliyobaki ni matope.

Juzi walirudisha mbuzi wa Abti Mohamedamin. Kaka wa Hooyo, Leyla, aliyekununulia viatu vya kwanza vya shule. Mwanawe Mowlid alikataa kuondoka, wakampiga fimbo, mkono ukavunjika. Nilikuwepo. Nilisikia mfupa.

Kama uliweka alama ile ili upande wetu ukupende, umefaulu. Nataka tu uniambie kwamba ulijua.

Salah


Garissa,
9 Februari 2025

Salah,

Sikujua.

Wallahi sikujua. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika kwenye mfupa wa Mowlid naikunja. Nilikimbia kukitoa kitabu kwenye rafu nikifungue. Mistari miwili na nukta, wazi kabisa, na mimi nimeutazama ukurasa huo kwa miezi, nimebishana na mchoraji kuhusu rangi ya mchanga, nimesema kope za ngamia ziongezwe. Shingo sikuiona. Nilikuwa namtazama Aabo.

Nilikwenda kwa Abdihafid na picha mkononi. Akashangaa kuliko mimi. Alidhani ni kovu. Alisema alilichora kwa uangalifu kwa sababu nilimwambia asiongeze wala asipunguze. Tulikaa wawili mlangoni kwake kama watu waliofiwa. Mimi mtoto wa mfugaji, niliyeondoka Harqan nikiwa na meno ya utoto, na yeye aliyezaliwa penye lami, hakuna kati yetu aliyeisoma alama ambayo Mzee Dagane aliisoma kwa kidole.

Na wewe umenidhania hivyo. Wewe. Hilo nalo limenichoma, lakini si wakati wake.

Nimeweka ndani ya bahasha hii barua nyingine kwa wazee. Nimeeleza yote: kwamba picha ni ya ngamia wa Aabo, kwamba Gedi nimemtunga mimi kwa kalamu yangu, kwamba aliyechimba hakuacha jina. Isome mbele yao, pande zote mbili wakiwepo, chifu pia. Mhariri anasema kitabu kitarekebishwa kikichapishwa tena, na hajui lini. Nilimjibu neno ambalo sitaliandika.

Mpe Mowlid pole yangu. Hapana, usimpe. Nitampa mwenyewe.

Leyla


Harqan,
15 Februari 2025

Abaayo,

Nisamehe. Nilipofika pale uliposema ulikuwa unamtazama Aabo, nilikaa chini. Nimekuamini.

Ni mimi peke yangu niliyekuamini.

Chifu aliwaita watu wote penye kisima. Niliisoma barua yako kwa sauti, Kiswahili kwanza, kisha lugha yetu. Nilipomaliza, Mustafe akasimama na kitabu chake. Akasema, "Kitabu kilikuja kwanza. Barua imekuja baada ya watu kulalamika. Mtu akishasema kweli kisha akaogopa, kweli inabaki kuwa kweli." Vijana wakaitikia. Hata watu wazima wakatikisa vichwa kukubali. Nimefundisha miaka yote kwamba kilichoandikwa kiheshimiwe, na siku hiyo nilitamani ningefundisha kuchunga mbuzi.

Ndipo Hooyo akasimama. Mwanamke, mbele ya baraza la kisima, bila kuitwa. Akasema, "Ngamia huyo namjua. Anaitwa Dhudi. Alitoka kwenye zizi la baba yangu, upande wa chini. Nilipoolewa nilipewa nije naye, kama bibi harusi anavyopewa. Alikuwa na alama ya kwetu, duara lenye mkia, upande wa kulia wa shingo. Mume wangu alimwongezea alama yake kushoto. Aliyepiga picha alisimama kushoto."

Leyla, sikuwahi kulijua hilo. Wala wewe. Tumelelewa kwa maziwa ya ngamia yule, na hatukujua ni wa pande mbili.

Mustafe hakusita. Akauliza Dhudi yuko wapi. Hooyo akasema alikufa zamani. Akauliza nani aliyeuona upande huo wa kulia. Hooyo akamgeukia Mzee Dagane, kwa sababu Dagane ndiye aliyeongoza ngamia wa harusi yao, kila mtu anajua. Akamngoja. Na Mzee Dagane akatazama chini, akachora mchanga kwa fimbo yake, akasema, "Mimi ni mzee. Sikumbuki."

Nimewaona watu wakipigwa huku, nimeona ukame, lakini sijawahi kuona kitu kilichonishtua kama uso wa Hooyo aliposikia neno lile. Alijifunika vizuri akaondoka.

Sasa ameswaga ngamia wake wote kutoka kwetu na kuwapeleka nyuma ya mstari wa kaka zake. Anasema hawatakunywa kabla ya ngamia wa nyumbani kwao. Wa nyumbani kwao hawanyweshwi, basi na wake hawanywi. Nimemsihi. Ameniuliza swali moja tu, kama chuma cha Aabo cha kuchomea alama bado ninacho. Nikasema kipo. Akasema nikitunze.

Mwandikie. Labda wewe atakusikia.

Salah


Garissa,
18 Februari 2025

Hooyo yangu mpenzi,

Salah atakusomea. Nabusu mikono yako.

Nakuomba unyweshe. Nakuomba ngamia wako wanywe zamu ya Aabo, ni haki yako, hakuna atakayekufukuza. Kosa ni langu. Nilitaka watoto wawe na mtu wa kumfuata kwenye hadithi, nikamchukua Aabo nikamvika hadithi ambayo si yake, na wewe nikakusahau kabisa. Kuna mtoto wa shule ya Salah aliuliza mbona Gedi hana mama. Niliposoma swali hilo nilicheka. Sasa silicheki.

Nakuja, Hooyo. Lori la Abdirahim limeharibika Habaswein, ndiyo maana barua hii imekuja kwa basi, na mabasi yenyewe yamejaa watu wanaorudi makwao kabla ya Ramadhani, lakini nakuja. Nitasimama pale mbele yao nichane ukurasa ule kwa mkono wangu.

Usiwaache ngamia wafe kwa ajili ya mchoro.

Binti yako,
Leyla


Harqan,
24 Februari 2025

Leyla binti yangu,

Mimi ndiye ninayesema na Salah ndiye anayeandika. Ukiona mwandiko mbaya, si wangu.

Usichane kitu. Karatasi ikichanwa watu hukumbuka kilichochanwa. Na usije kulia hapa, tuna watu wa kulia wa kutosha.

Sikukukasirikia kwa sababu ya alama. Nilijua hukujua, maana hata ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimwita kila ngamia "yule mwekundu". Nilikasirika kwa sababu ulimwona baba yako kwenye picha ile na hukuniuliza mimi nilikuwa wapi, nyuma ya mpiga picha, nimeshika kamba ya ndama. Basi hilo limekwisha.

Nilikwenda kwa kaka yangu Mohamedamin nikamwomba chuma chao. Alikataa. Alisema mwanamke hashiki chuma cha alama, si kwetu wala si kwa mume wake, tangu dunia iumbwe. Nikamwambia dunia ilipoumbwa hakuwepo. Bado akakataa. Mkewe akakitoa nyuma ya hema akanipa, na kaka yangu akageuka akajifanya anatafuta kofia yake.

Siku ya zamu ya upande wa chini niliwapeleka ngamia wangu kisimani na kuwasha moto wa kuni pale pale kwenye hori, watu wote wakiwa wanatazama. Salah alishika kamba upande mmoja. Mowlid alishika upande wa pili kwa mkono wake mzima. Hakuna aliyeelewa nafanya nini mpaka chuma kilipokuwa chekundu. Alama ya baba yako wanayo wote kushoto. Nikawachoma ya baba yangu kulia, duara na mkia wake, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alipiga kelele, na vijana wakapiga kelele kuliko yeye. Mustafe alikuja mbio akasema nimeharamisha mali ya marehemu. Uso wake ulikuwa umepauka. Sijawahi kuona kijana akiogopa hivyo mbele ya bibi kizee.

Nikampa kamba ya yule mweupe. Nikamwambia, "Haya, mfukuze. Lakini niambie kwanza unafukuza shingo ipi. Ukimfukuza kwa kulia, umemfukuza na wa kushoto, na huyo ni baba yako mkubwa." Alishika kamba. Akamtazama ngamia huku, akazunguka akamtazama kule. Kitabu bado kiko kwapani, binti yangu.

Ndipo Dagane akasema kutoka kwenye kivuli cha ukuta. Hakunitazama. Alisema, "Dhudi alikuwa hivyo hivyo." Akarudia kwa sauti zaidi. Kisha akajifunika uso kwa shuka.

Mustafe aliachia kamba. Mweupe akaenda mwenyewe kwenye hori, akainamisha kichwa. Nyuma yake wakapita ngamia wa Mohamedamin, na hakuna aliyeinua fimbo.

Mambo hayajakaa sawa bado. Mustafe hanisalimii. Wanaume wa pande zote mbili wanasema nimewatia aibu, kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo. Zamu imerudi, ila watu wanatazamana. Kaaha, yule mtoto wa maswali, amekuja kunishika mkono ulioshika chuma, akaugeuza, akauliza kama uliungua. Nikamwambia kidogo.

Uje baada ya mwezi mtukufu, na umlete huyo kijana wako anayechora. Mwambie yeye amechora upande mmoja. Wa pili nimeuchora mimi. Aje asimame kulia, autazame vizuri.

Mama yako,
Ramlo

(Imeandikwa na Salah, aliyeshika kamba.)